Twendeni Mtoni, na Kila Mtu Avae Jaketi

Ndugu zangu wa Phoenix, Glendale, Tempe na Mesa, nyinyi mnaosema Kiswahili cha Uvira, cha Bujumbura, cha Nairobi na cha kwetu Kigoma: kila siku tunavuka mto bila kuujua. Ukitoka kusini mwa jiji kwenda kazini mjini kati, unapita juu ya daraja refu. Chini yake kuna kokoto, vichaka, vumbi na matairi yaliyotupwa. Mwanangu aliwahi kuniuliza daraja hili ni la nini ikiwa hakuna maji. Nilikuwa nimeshika usukani na nimechelewa, nikamjibu kwamba labda zamani palikuwa na mto, ukakauka.

Nilimdanganya bila kukusudia. Mto upo mpaka leo. Unaitwa Salt, Mto wa Chumvi, na huenda chai uliyokunywa leo asubuhi ilichemshwa kwa maji yake.

Naandika kuwaomba mwaka huu tutenge siku moja kabla jua la kiangazi halijawa kali, twende wote, wazee kwa watoto, tukapande maboti ya mpira na kuteremka na mto huo taratibu tangu alfajiri mpaka karibu na adhuhuri. Na kila atakayetia mguu botini awe amevaa jaketi okozi. Kwangu mimi hilo ni ombi moja, halikatwi vipande.

Mto wenyewe unaanzia kwenye milima ya White, mashariki mwa Arizona, huko kunakoanguka theluji, na unasafiri kama kilomita 320 kuelekea magharibi. Njiani umefungwa kwa mabwawa manne yanayoshuka kama ngazi: Roosevelt la mwaka 1911, Horse Mesa la 1927, Mormon Flat la 1925 na Stewart Mountain la 1930. Chini ya hilo la mwisho unaachiwa ukimbie kwa kama kilomita 20, ukipita kati ya magenge mekundu, matete, miti ya meskiti na yale madungusi marefu yaitwayo saguaro yanayosimama mlimani kama watu walioinua mikono. Halafu unafika Granite Reef. Hapo kuna kizuizi kilichojengwa mwaka 1908, na hapo mto unageuzwa njia. Maji yanaingia kwenye mifereji miwili mikubwa, mmoja wa kaskazini na mwingine wa kusini, yanagawanywa tena na tena mpaka yanafika kwenye mitambo ya kusafishia, mashambani na kwenye bustani za watu. Shirika la Salt River Project, lililoanzishwa mwaka 1903, ndilo lenye funguo za malango hayo. Kwenye njia ya asili ya mto zinabaki zile kokoto zetu za chini ya daraja.

Si kwamba mto umesahau njia yake. Februari 1980 mabwawa yalizidiwa, maji yakarudi mjini kwa nguvu, na katika eneo lote hili yakabaki madaraja mawili tu yanayopitika, la Mill Avenue na la Central Avenue. Kwa hiyo mtoto akiuliza daraja ni la nini, jibu lipo.

Kuna jambo lililonishangaza sana nilipoanza kusoma habari za mto huu. Bwawa la kwanza lilizinduliwa tarehe 18 Machi 1911 na Theodore Roosevelt, aliyekuwa amemaliza urais miaka miwili kabla. Mtu huyo huyo aliteremka bandarini Mombasa Aprili 1909, akapanda treni kwenda bara, akawinda Kenya, akapita Uganda na Kongo, akafika Khartoum Machi 1910. Mizigo yake ilibebwa na wapagazi wetu, na lugha ya safari ile ilikuwa Kiswahili. Alipotoka huko kwetu, mwaka mmoja tu ukapita, akasimama juu ya ukuta wa mawe katika jangwa hili na kusifu maji yatakayolisha bonde. Nilifikiri sisi ndio watu wa kwanza kuunganisha nchi zile na mto huu. Kumbe njia ilikuwa imeshapitwa, ingawa kwa upande mwingine.

Na wapo waliotutangulia sote. Waoodham wanauita mto huu Onk Akimel kwa lugha yao, na jumuiya yao pamoja na Wapiipaash, iliyopewa mipaka yake mwaka 1879, iko hapo hapo pembeni mwa Granite Reef. Mababu wa watu hao walichimba mifereji ya mamia ya kilomita kwa vijiti na zana za mawe, bila chuma wala mnyama wa kukokota, wakalima mahindi, maharage na pamba jangwani kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mifereji ya leo kwa sehemu imefuata alama zao. Mji ukaitwa Phoenix, jina la ndege wa hadithi anayeinuka kutoka majivuni, kwa sababu waliokuja baadaye walijua kwamba wanajenga juu ya kazi ya wengine. Tukienda, tuende kwa adabu ya mgeni anayejua nyumba ni ya nani, na tusiingie kwenye ardhi yao bila ruhusa.

Sasa niseme la moyoni. Najua kwa nini wengi wenu mtakataa.

Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, nimekulia penye ziwa, na bado naogopa maji. Sioni aibu kusema hivyo. Tuliozaliwa kando ya maziwa makuu tumezika watu wengi. Mei 1996 MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria. Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa kutia nanga Ukara, watu wa nchi kavu wakiitazama. Na kati yenu wapo waliovuka Tanganyika usiku, vita ikiwa nyuma yao, ndani ya mitumbwi ambayo ukingo wake ulikuwa kiganja kimoja tu juu ya maji. Mtu aliyevuka namna ile hahitaji kufundishwa kwamba maji yanaua.

Shida ni kwamba tunawarithisha watoto hofu hiyo bila kuwarithisha ujuzi wowote. Tunawaambia "usikaribie maji" katika mji ambao karibu kila jengo la kupanga lina bwawa la kuogelea uani. Hapa Marekani, kwa watoto wa umri wa mwaka mmoja hadi minne, kuzama majini ndiko kunakoua kuliko sababu nyingine yoyote. Mtoto wa jirani yetu, umri wa miaka mitatu, alitolewa bwawani kwenye majengo tuliyokuwa tunaishi, lango likiwa halifungi vizuri kwa wiki nzima. Alipona, Mungu ashukuriwe. Lakini watu wazima saba tulisimama ukingoni tukipiga kelele, hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea, na aliyeruka majini alikuwa kijana aliyeleta chakula kwa pikipiki. Tangu siku ile nimeacha kuamini kwamba hofu peke yake inamlinda mtu.

Ndipo nikaanza kwenda mtoni. Mara ya kwanza na familia yangu tu, mara ya pili na familia tatu, na mwaka jana tulikuwa watu ishirini na wawili katika maboti manne.

Katika msafara huo alikuwamo bibi mmoja wa Fizi. Alivuka ziwa mwaka 1996, mtoto mgongoni, akaishi kambini Nyarugusu miaka mingi kabla ya kuletwa huku. Tangu usiku ule hakuwahi kuingia kwenye maji yanayopita magoti. Alikubali kuja akae kivulini alinde vyakula, basi. Mjukuu wake wa kike, mwenye miaka kama kumi, akachukua jaketi, akapiga magoti mchangani mbele yake, akamfunga vishikizo kimoja kimoja. "Bibi, ukianguka hii itakurudisha juu." Bibi akauliza kama imewahi kujaribiwa.

Lilikuwa swali la haki, kwa hiyo tukaijaribu. Wawili wetu tulimshika mikono pembeni mwa mto, pasipo na mkondo, maji yakamfika kifuani, tukamwomba ainue miguu. Ilichukua muda. Akainua mmoja, akaurudisha chini, akainua yote miwili. Akaelea. Alibaki kimya akitazama mbingu, maji yakimgusa masikio, kisha akasema neno moja: "Kumbe."

Akapanda boti. Wala hakukaa katikati kama tulivyompangia, alikaa mbele. Sehemu hii ya mto ni pole kwa kiasi kikubwa. Kuna mahali maji yanapungua kina na kupita juu ya mawe yakipiga kelele, boti linatikisika kidogo, watoto wanashangilia, halafu mto unapanuka tena na kunyamaza kabisa mpaka unasikia matone yakidondoka kutoka kwenye makasia. Maji yanatoka bwawani, kwa hiyo ni ya baridi hata jua likiwa kali. Bibi alitia mkono majini muda mrefu. "Wanangu," akasema, "hii maji iko na adabu."

Kwenye kona moja tukawakuta farasi. Ni farasi wa porini, hawana mwenyewe, na walikuwa wamesimama katikati ya mto, maji yakiwafika tumboni. Walitumbukiza vichwa mpaka masikioni, wakachomoa majani marefu ya kijani yanayoota chini ya maji, wakainuka wakitafuna huku wakichuruzika. Mwana-farasi mmoja alijaribu kuwaiga wakubwa, akapaliwa, akapiga chafya. Watoto wetu, ambao nyumbani huwezi kuwanyamazisha hata kwa dakika tatu, hawakusema neno. Tulizuia maboti upande wa pili wa mto, mbali nao, kwa sababu inatakiwa kukaa angalau mita 15, tukawaacha wale.

Farasi wale wangekuwa hawapo. Mwaka 2015 mamlaka ya misitu ilitangaza kuwa itawakamata na kuwaondoa. Watu waliowajua kwa kuwaona, waliokwenda mtoni Jumamosi na wapiga picha wa alfajiri, walipiga simu, wakaandika barua, wakaandamana. Mpango ukasimamishwa, na mwaka 2016 jimbo likapitisha sheria ya kuwalinda. Nawaeleza haya kwa sababu mezani panapozungumzwa maji ya mji huu, sisi hatupo. Mwaka 2021 serikali ilitangaza kwa mara ya kwanza upungufu rasmi wa maji ya Mto Colorado, ambayo hufika hapa kwa mfereji wa kilomita 540, na mwaka uliofuata Arizona ikakatiwa sehemu kubwa ya fungu lake. Colorado ukipungua, macho yote yanageukia Salt na mwenzake Verde. Kutakuwa na mikutano na kura, na bei ya maji itabadilika. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mtu ataulizwa kuhusu mto ambao hajawahi kuuona, na atanyamaza.

Baada ya farasi, bibi akaanza kusimulia usiku wa 1996. Wajukuu walikuwa hawajawahi kuisikia habari hiyo, hata mama yao, aliyekuwa yule mtoto wa mgongoni, alikuwa na vipande tu. Sitaiandika hapa, ni yake. Nasema tu kwamba aliisimulia akiwa juu ya maji, amevaa jaketi la rangi ya machungwa, na mto ukatubeba sote bila haraka mpaka alipomaliza.

Basi, kuhusu maandalizi nitasema wazi, maana mapenzi bila mpango yanaweza kuzamisha watu.

Jaketi kwanza. Sheria ya Arizona inataka kila chombo kiwe na jaketi moja kwa kila mtu aliyemo, na mtoto wa miaka 12 au chini alivae muda wote chombo kinapokwenda. Sisi tutapita hapo: watu wote, pamoja na baba mwenye kifua kipana anayesema aliogelea Tanganyika akiwa kijana. Soma kibandiko cha jaketi, uzito wa mtu umeandikwa humo. La mtu mzima halimfai mtoto, linampanda usoni na yeye anachomoka chini. Mfunge vizuri, kisha mshike mabegani kwenye jaketi na umvute juu. Likimfika masikioni, tafuta dogo zaidi. Kwa mtoto mdogo sana hakikisha lina mkanda wa kupita kati ya miguu. Na yale maboya ya kupuliza ya madukani, yenye picha za bata, ni vitu vya kuchezea. Msiyategemee.

Mwezi wa Mei unafaa, na Septemba mwishoni pia, lakini angalieni kwanza kiwango cha maji yanayofunguliwa bwawani siku hiyo; hutangazwa, na wakati wa baridi mto huu hupungua mpaka boti linakwama mchangani. Katikati ya Juni hadi Septemba ndiyo majira ya mvua za ngurumo, na huja mchana. Joto la hapa halina mzaha: mwaka 2023 tulikuwa na siku 31 mfululizo zilizofika nyuzi 43 au zaidi. Kwa hiyo tuwe tumeshaingia majini saa kumi na mbili na nusu asubuhi na tuwe tumetoka kabla ya saa sita. Kila mtu abebe lita tatu za maji ya kunywa, kofia, shati la mikono mirefu na viatu visivyovuka mguuni. Kibali cha kuegesha gari msituni kinunuliwe kabla, hakiuzwi pale mtoni. Chupa za kioo haziruhusiwi, na pombe naomba ibaki nyumbani siku hiyo. Tukifungua vinywaji vya namna hiyo, nani atawatazama watoto?

Majini, hatari kubwa ya mto mpole ni miti iliyoanguka. Mkondo unapita katikati ya matawi, mtu hapiti. Ukiliona tawi limelala majini, anza kupiga kasia mapema kuelekea upande mwingine. Maboti tusiyafunge pamoja kwa kamba, ingawa inapendeza kwenye picha. Aliyeanguka alale chali, miguu mbele, asijaribu kusimama pale mkondo unapovuta, asubiri mpaka afike penye utulivu. Tutawafundisha watoto haya ufukweni kabla ya kuondoka, na wazazi watasikiliza pamoja nao. Kila boti liwe na mtu mmoja aliyewahi kupita njia hii, na huyo ndiye nahodha. Akisema tukae, tunakaa, hata kama ni kijana wa miaka ishirini na sisi ni wazazi wake.

Kila familia ije na mfuko mmoja wa taka mtupu na irudi nao umejaa. Mwaka jana tulitoa kandambili, makopo, na tairi moja lililotuchosha sana.

Wachungaji, mashehe na wazee wa jumuiya, nawaomba mlitangaze hili baada ya ibada na kwenye vikao vyenu, na mje wenyewe. Watu wetu hawafuati tangazo la karatasi, wanamfuata mtu wanayemwamini. Akina mama mliokuja kupitia Nyarugusu, Kakuma au Bujumbura, hamtalazimishwa kupanda boti. Kivuli kipo, na kazi ya kupika samaki ipo. Vijana mliozaliwa hapa, mnaojua kuogelea kwa sababu shule ziliwafundisha, nyinyi ndio tunaowahitaji zaidi. Mmoja wenu akisimama ndani ya maji kando ya mzee anayeogopa, atakuwa amefanya kazi ambayo mimi siwezi.

Tunayo majaketi ishirini na mawili. Kwa idadi ya watu walioniambia watakuja, yanahitajika mengine kumi na matano, hasa ya watoto wa chini ya kilo 20 na ya watu wenye miili mikubwa. Kama unalo lililokaa stoo, lifute vumbi, vuta mikanda yake uone kama bado imara, ulilete.